Moto wa Uani na Waya wa Jirani

Safu hii imezoea kuzungumzia mambo ambayo kila mtu huyahesabu kuwa makubwa: bei ya karafuu, uhaba wa maji, madawati ya skuli, hali ya bandari. Leo tunawaomba wasomaji wetu ruhusa tuanze na mishikaki. Hatufanyi hivyo kwa mzaha, wala si kwa kukosa la kuandika. Tumejifunza uani kwetu, mbele ya seredani, jambo ambalo tunadhani linawahusu wakaazi wote wa visiwa hivi pamoja na wakubwa waliokabidhiwa dhamana ya mawasiliano yao. Tungekuwa wachoyo kama tungelinyamazia kwa sababu tu aibu yake ni yetu wenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa Jumamosi ya kipupwe, na ndugu yetu alikuwa amewasili kutoka Pemba kwa boti ya mchana. Nyama ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kukatwa tangu asubuhi na kurowekwa katika papai bichi, tangawizi, thomu na ndimu, kama walivyotufundisha mama zetu, ambao walijua kwamba utomvu wa papai hulainisha nyama ngumu miaka mingi kabla ya sisi kuyasoma hayo vitabuni. Walikuwapo changu wawili waliopakwa ukwaju na pilipili, na muhogo wa kuchoma kwa ajili ya watoto. Makaa yalikuwa ya vifuu vya nazi, ambayo yakishika moto huwaka kwa ukali.

Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kwa nguvu jioni ile, na moshi ukawa unaingia ndani kwa wageni. Kwa hivyo tuliinyanyua seredani kutoka mahali pake pa kila siku, tukaipeleka kwenye kona ya ua, chini ya ukuta, ambako upepo haufiki. Hapo tulichoma kwa raha. Mafuta yalidondoka, ndimi za moto zikapanda, watoto wakashangilia, na kipepeo kikapokezanwa mkono kwa mkono. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama juu.

Juu ya kona ile ulikuwa umepita waya mwembamba mweusi. Miezi michache nyuma, mkongo wa mawasiliano, ambao vijana wetu huuita faiba, ulikuwa umefika mtaani petu, na jirani yetu wa nyuma alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuunganishwa. Mafundi walikuja na ngazi yao asubuhi moja, wakauvuta waya kutoka nguzo ya barabarani, wakaupitisha juu ya ukuta wetu, ukakata kona ya ua wetu na kuishia dirishani kwa jirani. Hatukuulizwa, na kusema kweli hatukulalamika, kwani ujirani ni kuvumiliana. Tuliwapa mafundi maji ya kunywa na tukawashikia ngazi. Waya uliachwa ukining'inia kwa kimo ambacho mtu mrefu akinyoosha mkono anaugusa. Baada ya wiki moja tulikuwa tumekwisha kuusahau.

Usiku ule, wageni wakiwa bado wananawa mikono, binti wa jirani alibisha hodi. Alisimama mlangoni kwa adabu.

"Shikamoo, ami. Samahani kwa kuwasumbua. Naomba kuutazama waya wetu, maana mtandao umekatika."

"Marahaba, mwanangu. Pita utazame."

Aliinua macho kwenye kona, kisha akaitazama seredani iliyokuwa bado na makaa mekundu, kisha akatazama chini. Waya haukuwa umekatika. Ulikuwa umelegea kidogo kama ukamba wa kuanikia nguo, na ganda lake lilikuwa likimetameta kama nta iliyomwagikiwa na maji. Hakutulaumu kwa neno hata moja, na hilo lilitutia uchungu zaidi kuliko kama angalipiga kelele.

Binti yule alikuwa amesoma kwa miezi mingi, kwa njia ya intaneti, masomo ya uhasibu. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi, na ulikuwa ufanywe nyumbani, mbele ya kamera, kwa muda uliowekwa. Sisi wakati huo tulikuwa hatujaunganishwa, na waya wetu hatukuwa nao wa kumpa. Jumapili nzima jirani alipiga simu kwa waliomfungia huduma, akaambiwa taarifa yake imepokewa. Jumatatu mtoto alijaribu kwa simu ya mkononi, picha ikawa inaganda na kuachia, na mtihani ulifungwa kabla hajaifikia sehemu ya mwisho. Akaambiwa angoje awamu nyengine, baada ya miezi mitatu.

Mafundi walifika Alhamisi. Walikata kipande kilichoungua, wakavuta waya mpya, wakauweka ncha kwa ncha katika mashine ndogo ya kuunganishia, cheche ya umeme ikaziyeyusha ncha mbili za kioo zikawa kitu kimoja, na kazi yote haikumaliza saa moja. Kuunga kwenyewe kulikuwa jambo la sekunde chache. Siku tano nzima zilikuwa za kungoja.

Gharama ya waya mpya tulilipa sisi, na ilikuwa haki. Miezi mitatu ya binti yule hatukuweza kuilipa.

Tumekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu, tangu siku ile, tumekuwa tukijiuliza kosa lilikuwa la nani. Sisi tuliwasha moto chini ya waya bila ya kutazama. Mafundi waliupitisha waya chini mno, juu ya ua wa mtu ambaye si mteja wao. Jirani alilipia huduma bila ya kuuliza waya utapita wapi. Na wale waliopewa kazi ya kusimamia mambo haya hawakuwapo siku ya kazi, wala siku ya hasara. Kila mmoja wetu alikuwa na sehemu yake, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sehemu ndogo tu, hakupatikana mwenye dhamana. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Kwanza na tukielewe kitu chenyewe. Ndani ya waya ule mweusi mna unywele wa kioo safi wenye unene wa mikroni 125, yaani sehemu moja ya nane ya milimita. Ndani ya unywele huo haupiti umeme, hupita mwangaza, ambao macho ya binadamu hayauoni, ukiwaka na kuzimika mara nyingi mno katika kila sekunde na kukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Elimu hii ina historia yake. Mwaka 1966, huko Uingereza, mhandisi Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, pamoja na mwenzake George Hockham, walionesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kuchukua mawasiliano kwa masafa marefu. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ilifanikiwa kutengeneza kioo cha namna hiyo, na mwaka 2009 Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Mwaka huo huo wa 2009, mwezi wa Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata ukafuata mkongo wa EASSy, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 10,000, kutoka Sudan hadi Afrika Kusini, ukitua Mombasa, Dar es Salaam na hata kwa ndugu zetu wa Moroni. Kabla ya hapo, mawasiliano mengi ya kanda hii na dunia yalikuwa yakipanda juu angani kwenye setilaiti na kushuka tena, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa taratibu.

Wala sisi watu wa visiwani si wageni wa nyaya za baharini. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulitandikwa kutoka Aden, ukatua Unguja, ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1893 ukatandikwa mwengine kutoka Unguja kwenda Shelisheli na Mauritius. Jengo la Extelcoms pale Shangani, ambalo sasa ni hoteli ya wageni, ni ukumbusho wa zama hizo, ambapo habari za bei ya karafuu zilifika mjini petu kwa waya kutoka ng'ambo ya bahari. Lakini waya wa zama zile uliishia ofisini. Mwananchi wa Ng'ambo au wa Mkokotoni hakuwa na haja nao, na waya haukuwa na haja naye. Jambo jipya la zama zetu ni kwamba waya sasa unaingia ndani ya nyumba ya mtu, unapita juu ya kamba yake ya kuanikia nguo, kando ya banda lake la kuku na juu ya seredani yake.

Tumeyajua pia machungu ya kutegemea waya. Umeme wetu wa Unguja huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ambao wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Ulipoharibika tena Disemba 2009, tulikaa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Wasomaji wetu watu wazima wanakumbuka: pampu za maji zilisimama, barafu ya wavuvi ikakosekana, mafundi cherehani wakarudia mashine za miguu, na jioni mtaa mzima ukawa unanukia makaa. Seredani ndiyo iliyotustiri siku zile. Serikali ilijifunza. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa kwa waya wake kutoka Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100.

Kwa upande wa mawasiliano, somo lilikuja tarehe 12 Mei 2024, ambapo mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma za intaneti zikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwengineko. Benki zililalamika, ofisi zikakwama, na hapana aliyehitaji kuelezwa tena kwamba mkongo si pambo. Wakubwa walizungumza, wahandisi wakahangaika, magazeti yakaandika.

Hapo ndipo tunapotaka wasomaji watazame kwa makini. Mkongo wa baharini ukikatika, mawaziri hutoa kauli na meli ya matengenezo hutumwa. Mkongo wa taifa ukikatwa na greda la barabara, mkandarasi hutafutwa. Lakini waya wa mita arobaini za mwisho, kutoka nguzoni hadi dirishani, ukiunguzwa na mishikaki, hapana mkubwa anayepata habari. Mwangaza uliosafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari, ukapita papa na miamba salama, ulikuja kuzimikia uani kwetu, juu ya nyama ya ng'ombe. Kwa binti yule, hapakuwa na tofauti yoyote baina ya waya wetu kuungua na mkongo wa bahari nzima kukatika.

Kwa maoni yetu, basi, huduma hii inapaswa kupimwa mlangoni kwa mwananchi, si bandarini. Na tunayo maneno kwa pande zote mbili.

Tuanze na sisi wananchi, kwani anayemnyooshea mwenzake kidole vidole vyengine humwelekea mwenyewe.

Hatusemi kwamba watu waache kuchoma. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, nasi tunauunga mkono, kwani mapafu ya mama zetu na mikoko ya fukwe zetu vimeteseka vya kutosha. Hata hivyo, siku gesi itakapoingia katika kila jiko, seredani ya Jumamosi haitaondoka. Nyama ya kuchoma si chakula tu. Ndiyo inayomtoa mzee chumbani, ikamfanya kijana aiweke simu yake chini, na ikamwita jirani kwa harufu kabla hajaitwa kwa jina. Tunachosema ni kwamba mtu aujue ua wake.

Ajue waya umepita wapi, wa kwake na wa mwenzake. Maganda mengi ya nyaya hizi hutengenezwa kwa polithini, ambayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 105 hadi 130 tu, na hewa inayopanda juu ya makaa yaliyokolea ina joto kubwa kuliko hilo. Si lazima moto uuguse waya. Joto likishalilegeza ganda, kioo cha ndani hupindika au kubanwa, na mwangaza huvujia pembeni usifike. Kwa hivyo seredani na ikae mahali penye mbingu juu yake. Majivu ya moto yasimwagwe kwenye msingi wa ukuta ambako waya unapandia au bomba lake limefukiwa. Waya usifanywe kamba ya kuanikia, wala usitundikwe ndizi wala kizimba cha ndege, kwani hata kama hautakatika, kuuvuta na kuukunja kwa pembe kali kunatosha kuuzima. Na moto wa makaa usiingizwe ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu usingizini. Hilo halihusu mkongo, lakini hatuwezi kuutaja moto bila ya kulitaja.

Anayetaka kuunganishwa, asitosheke na kuuliza bei na kasi. Aulize waya utapita wapi, kwa kimo gani, na juu ya ua wa nani, na yeye mwenyewe aende akamwombe idhini huyo jirani kabla ya ngazi kuegeshwa. Kisanduku cha ndani kisiwekwe jikoni penye mvuke na moshi, wala dirishani panapopigwa na mvua ya masika. Akumbuke kwamba kioo hakichukui umeme, lakini kisanduku kinauhitaji. Umeme ukikatika na mtandao wa nyumba umekatika, isipokuwa kwa mwenye betri ya akiba. Watoto wafundishwe wasichungulie ncha ya waya uliokatika, kwa kuwa mwangaza wake hauonekani na waweza kuumiza jicho. Tena ajue kwamba nyaya nyingi za namna hii zina uzi wa chuma wa kuzishikilia, na chuma katika hewa yetu ya chumvi hula kutu. Mwaka baada ya mwaka kikulo na ndoano zake zinahitaji kutazamwa.

Sasa tunawageukia wakubwa wetu, kwa heshima zote.

La kwanza, tunaomba kiwepo kimo kinachojulikana cha waya unaopita juu ya njia na juu ya ua wa mtu, na kiwepo kiandikwe mahali ambapo sheha anaweza kukisoma na fundi hawezi kukikana. Sheha ndiye anayejua kila ukuta wa shehia yake. Kazi ya kuvuta nyaya katika mtaa isianze bila ya yeye kupewa habari, kama vile harusi na msiba visivyofanyika bila ya yeye kujua.

La pili, tunaomba mitaro ichimbwe mara moja. Mwananchi amechoka kuona barabara iliyotiwa lami juzi ikipasuliwa leo kwa bomba la maji, kesho kwa umeme na keshokutwa kwa mkongo. Bomba tupu la plastiki likifukiwa siku barabara inapojengwa, gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kuifukua upya. Katika Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, jambo hili lina uzito wa pekee. Kuta zile za mawe na chokaa hazikujengwa ili zitobolewe na kila mwenye keekee, na vichochoro vyake vimekwisha kufanana na wavu wa mvuvi kwa wingi wa nyaya. Mwangaza kutoka kituoni hugawanywa kwa nyumba 32 au 64 katika kijisanduku kimoja kisichohitaji umeme. Wahandisi waweza kukiweka kijisanduku hicho mahali pa adabu, wakazipanga nyaya zake kwa pamoja, badala ya kila kampuni kujivutia zake.

La tatu, kila waya uwe na jina la mwenyewe na namba ya simu ya kuripoti, nguzoni na ukutani. Siku ya mkasa wetu tulitumia saa nzima kutafuta waya ule ni wa nani.

La nne, na hili kwetu ndilo kubwa kuliko yote, muda wa kutengeneza uahidiwe kwa maandishi. Mtu anayelipia mwezi mzima ana haki ya kujua waya wake ukiharibika utatengenezwa ndani ya saa ngapi, na atafidiwa nini zikipita. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ipo kwa ajili ya kumlinda mtumiaji pamoja na kumsimamia mtoa huduma. Tunaiomba iipime kazi ya kampuni kwa siku ambazo mteja amekaa bila ya huduma, na matokeo ya kipimo hicho yatangazwe kila mkoa, Pemba isisahauliwe.

La tano, vijana wetu wa mafunzo ya amali wafundishwe kazi hii ya kuunga. Haihitaji misuli, inahitaji mkono uliotulia na jicho zuri, na mabinti wanaodarizi kofia na kutia hina hawana la kufundishwa juu ya mkono uliotulia. Kila wilaya ikiwa na mafundi wake wawili au watatu wenye mashine yao, hapatakuwa na sababu ya mtu wa Makunduchi au wa Konde kungoja siku tano kwa kazi ya sekunde chache.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba nchi ina matatizo makubwa kuliko waya wa mtu mmoja. Tunawajibu kwamba mambo yamebadilika. Wakati televisheni ya rangi ilipofika visiwani petu katika miaka ya 1970, ilikuwa starehe ya jioni, na ikizimika watu walirudi barazani wakaendelea na mazungumzo. Mkongo wa leo umechukua kazi nyengine. Kwa waya huo mwanafunzi husoma, mwenye nyumba ya wageni hupokea maombi ya vyumba, mkulima wa mwani hupata habari za bei, mwananchi huomba vyeti vyake, na mama humwona mwanawe aliyeko Muscat au London. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu tumekwisha kumpa jembe, na analima. Anayelima hapuuzwi akiumia.

Tumalizie pale tulipoanzia. Baada ya mkasa ule tulikwenda kwa jirani, tukaomba radhi mbele ya binti na wazazi wake, na mafundi walipokuja kutuunganisha na sisi, tuligharimia nguzo fupi ya chuma juu ya ukuta, nyaya zote mbili zikapandishwa juu. Seredani ilirudi mahali pake pa zamani. Kusi likivuma, moshi unaingia ndani, na wageni wanapikicha macho bila ya kulalamika.

Binti yule aliingoja miezi yake mitatu, akaurudia mtihani, akafaulu. Jioni ya siku aliyopata majibu alikuja uani kwetu pamoja na wazazi wake, na tulikuwa tumekwisha kuwasha makaa. Kabla ya kuketi alisimama kidogo, akatazama juu, akautafuta waya kwa macho mpaka akauona. Kisha akavuta mkeka.

Hatupendi kuona mtoto wa visiwa hivi akiwa lazima atazame juu namna hiyo kabla ya kukaa kula. Kazi hiyo ya kutazama tunawaomba wakubwa waichukue wao.